KAZI YA KUZUIA MOTO HUANZA MEZANI

Watu wengi wakisikia habari za Zimamoto hufikiri juu ya magari mekundu, kengele, ngazi ndefu na mipira ya maji. Hayo ndiyo yaonekanayo barabarani, na wanaofanya kazi hiyo wastahili sifa. Lakini iko sehemu nyingine ya kazi hiyo isiyoonekana, nayo ni ya wakaguzi na makarani. Sehemu hiyo ikikosa watu wa kutosha, magari hata yakiwa mengi namna gani yaweza kufika wakati watu wamekwisha kufa.

Katika miji mingi ya Marekani ofisi hii huongozwa na afisa aitwaye marshali wa moto. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba sheria za kujikinga na moto zinafuatwa mjini. Wakaguzi wake huingia katika shule, hoteli, maduka na bohari ili kutazama kama milango ya kutokea yafunguka, kama nyaya za umeme ni salama, na kama vyombo vya kuzimia moto vipo. Ramani za majengo mapya hupitia kwake kabla ya ujenzi kuanza. Ofisi yake hupokea malalamiko ya raia, hutoa vibali vya kuweka mafuta na vya mikutano mikubwa, na mara nyingi huchunguza chanzo cha moto uliokwisha tokea.

Kila moja ya kazi hizo ina karatasi zake. Mkaguzi akikuta mlango wa kutokea umezibwa kwa masanduku, haitoshi kumwonya mwenye jengo kwa mdomo na kwenda zake. Hana budi kuandika taarifa, kupeleka onyo lenye tarehe ya mwisho, na kurudi tarehe hiyo ikifika. Kama hapana lililotengenezwa, yampasa kutayarisha ushahidi wa mahakamani. Jengo moja bovu laweza kumchukulia siku nyingi kuliko majengo kumi mazuri.

HESABU YA SIKU ZA KAZI

Uchukuliwe mfano wa mji wenye majengo 12,000 yanayotakiwa kukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi mmoja akifanya kazi siku 220 kwa mwaka, na kukagua majengo manne kila siku, atamaliza majengo 880. Kwa hiyo mji huo wahitaji wakaguzi 14. Lakini kama nusu ya siku yake huishia katika barua na simu, atakagua majengo 440 tu, na mji utahitaji wakaguzi 28. Hii ndiyo sababu mshahara wa karani hodari si hasara. Karani huyo humrudishia mkaguzi saa zake za kwenda kukagua.

YALIYOTOKEA OAKLAND

Mji wa Oakland, katika jimbo la California, ulijifunza jambo hili kwa msiba mkubwa. Mwaka 2014 baraza la raia wanaoteuliwa kuchunguza kazi za serikali katika wilaya ya Alameda lilieleza kwamba kati ya majengo ya biashara yapatayo 12,000 mjini humo, kiasi cha 4,000 hayakuwa yakikaguliwa kila mwaka.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 2016 moto ulizuka katika bohari moja iliyojulikana kwa jina la Ghost Ship. Watu walikuwa wakiishi humo bila kibali, na usiku huo wageni walikuwa wamekusanyika orofani kusikiliza muziki. Jengo halikuwa na kengele ya moto wala mabomba ya kunyunyiza maji kutoka darini. Kituo cha Zimamoto kilikuwa karibu sana, na askari wake walifika upesi. Hata hivyo watu 36 walikufa. Baadaye maafisa wa mji walisema kwamba kwa kadiri ya kumbukumbu zao, hapana mkaguzi wa majengo aliyeingia ndani kwa muda wa miaka 30 hivi.

Mwaka 2020 mji huo, bila kukiri kosa, ulikubali kulipa dola milioni 32.7 kwa jamaa za wengi wa waliokufa na kwa mtu mmoja aliyeumia vibaya. Fedha hizo zingetosha kuwalipa wakaguzi wengi kwa miaka mingi. Wahenga walisema kweli kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikumbukwe pia kwamba ukaguzi wa haraka waweza kuleta taabu nyingine. Baada ya moto ule, wapangaji wengi maskini wa Oakland waliogopa kwamba wangefukuzwa katika majengo yasiyo na vibali. Mkaguzi mwenye kazi nyingi mno hufunga jengo au hulipita. Mwenye nafasi aweza kurudi mara tatu au nne mpaka mlango umefunguliwa na nyaya zimebadilishwa, na wakaaji wakabaki na makao yao.

MAMBO YA KUULIZA

Mwaka 2018 California ilipitisha sheria inayozitaka idara za Zimamoto kulitolea baraza linalozisimamia taarifa kila mwaka, ikionyesha kama ukaguzi uliolazimishwa na sheria, kama ule wa shule, hoteli na nyumba za kupanga, umefanywa. Kwa njia hiyo upungufu hujulikana mapema.

Raia wa mji wowote aweza kuwauliza wakuu wake mambo matatu. Kwanza, je, majengo yote ya mji yamo katika daftari, liwe la karatasi au la kompyuta? Pili, ni mangapi yaliyokaguliwa mwaka uliopita, na na wakaguzi wangapi? Tatu, maonyo mangapi yaliandikwa, na mangapi kati yake yalifuatwa mpaka kosa likaondolewa? Ofisi yenye watu wa kutosha haitasumbuka kuyajibu. Ofisi isiyoweza kuyajibu yahitaji msaada upesi, kabla kengele haijalia.