Kijana Msanii na Mkataba Wake

Katika vijiji vingi vijana hucheza ngoma, huigiza na hufanya sarakasi. Wengine huanza shuleni. Wengine huanza katika kikundi cha vijana cha kijiji. Watu hukusanyika uwanjani, hucheka na kupiga vigelegele. Anayefurahi sana huwatunza vijana kwa shilingi mia tano au elfu moja.

Baada ya miaka michache kijana mmoja huwaambia wazazi wake, "Nataka hii iwe kazi yangu."

Mzazi afanye nini? Wako wazazi wanaokataa kabisa. Husema kwamba kuigiza ni mchezo, si kazi. Wako pia wanaomwacha kijana aondoke na mtu wasiyemjua, kwa sababu wamesikia kwamba mjini kuna fedha. Njia zote mbili huleta majuto. Iko njia ya tatu, nayo inamhitaji mtu anayejua kusoma na kuandika.

SANAA NI KAZI

Baada ya Uhuru, Serikali yetu iliunda kikundi cha ngoma cha Taifa. Vijana wengine walipelekwa China kujifunza sarakasi. Wasanii wa vikundi vya Taifa walilipwa mshahara kama wafanyakazi wengine.

Vikundi hivyo vilivunjwa. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Hapo vijana hujifunza ngoma, muziki, maigizo na sanaa nyingine.

Mmoja wa walimu wa Bagamoyo alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Mkoa wa Dodoma. Alipiga zeze na ilimba, vyombo vya nyumbani kwao. Alialikwa kupiga muziki huko Ulaya na katika nchi nyingine. Alifariki mwaka 2003. Mzee huyu hakuacha ngoma ya kwao ili apate kazi. Ngoma ya kwao ndiyo iliyompa kazi.

Siku hizi msanii hutafuta kazi mahali pengi. Ziko hoteli za watalii, arusi, redio, televisheni na filamu. Ziko pia kazi za kuigiza ili kuelimisha watu juu ya afya. Nyingi ya kazi hizi ni za muda mfupi. Kazi ya leo huisha leo, na kesho hutafutwa nyingine. Kwa hiyo kucheza vizuri peke yake hakutoshi.

MAZOEZI YA KAZI

Katika sherehe ya kijiji, kijana akichelewa watu humngoja. Akichoka, hupumzika. Katika kazi ya malipo mambo si hivyo. Saa mbili ni saa mbili. Usiku wa sita lazima acheze vizuri kama usiku wa kwanza, hata kama watazamaji ni watu kumi tu.

Kikundi cha kijiji kinaweza kuwazoeza vijana wakiwa bado nyumbani. Wawe na saa maalumu za mazoezi. Mmoja aandike mahudhurio. Mmoja atunze nguo na ngoma. Mmoja awe mweka hazina. Kijana aliyezoea kazi hizi hatashangaa akifika mjini.

"FEDHA ZIPO"

Tuseme mtu amefika kijijini. Anataka vijana wanane wakacheze hotelini pwani kwa miezi mitatu. Anasema, "Mtakula bure, mtalala bure, na fedha zipo."

Vijana wanafurahi. Lakini "fedha zipo" si kiasi. Mwezi ukiisha, atawalipa shilingi ngapi? Akisema kwamba hoteli haijamlipa, vijana watamwonyesha nini? Watakuwa mbali na kwao, hawana nauli, wala hawana karatasi yoyote mkononi.

Hapo ndipo mkataba unapohitajika. Mkataba ni mapatano ya pande mbili. Ukiandikwa na kutiwa sahihi, kila upande unaweza kuushika mwingine kwa neno lake. Kabla ya kutia sahihi, someni mkataba wote kwa sauti, mbele ya wazazi. Tafuteni majibu ya maswali haya:

1. Anayelipa ni nani? Jina lake kamili ni lipi, na anakaa wapi?
2. Malipo ni shilingi ngapi? Ni kwa siku, kwa onyesho au kwa mwezi?
3. Fedha zitalipwa tarehe gani?
4. Kazi ni siku ngapi, na saa ngapi kila siku?
5. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya nani?
6. Mtalala wapi? Wasichana watakuwa na chumba chao?
7. Kijana akivunjika mguu kazini, nani atalipa matibabu?
8. Maonyesho yakirekodiwa ili yauzwe, wasanii watapata nini?

Swali la nane husahauliwa sana. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria hiyo inawalinda hata wachezaji na waigizaji. Mtu asiwarekodi kwa ajili ya biashara bila ruhusa yao.

Kama mkataba umeandikwa kwa lugha msiyoijua, msitie sahihi. Ombeni uandikwe kwa Kiswahili. Nakala moja ibaki kwenu. Mtu mwema hatakasirika mkimwomba siku mbili za kufikiri. Anayesema "tieni sahihi sasa hivi au nawachukua wengine", mwacheni aende. Mwacheni pia yule anayedai fedha kwanza ili awatafutie kazi.

Kwa sheria ya Tanzania, mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Asiondoke na kikundi bila wazazi wake kujua na kukubali.

HESABU YA KIKUNDI

Kikundi cha vijana wanane kimelipwa shilingi 240,000 kwa arusi moja. Kijana mmoja anasema, "Kila mtu apate 30,000." Je, ni sawa? Tuandike hesabu:

Malipo: shilingi 240,000
Nauli: shilingi 64,000
Kutengeneza ngoma na nguo: shilingi 16,000
Akiba ya kikundi: shilingi 40,000
Zinazobaki: shilingi 120,000

Shilingi 120,000 kwa watu wanane ni shilingi 15,000 kila mmoja. Tena walifanya mazoezi siku mbili na kucheza siku moja. Basi kila mmoja amepata shilingi 5,000 kwa siku.

Sasa vijana wanajua ukweli. Wanaweza kusema, "Arusi ijayo, nauli iwe juu ya mwenye arusi." Bila kuandika wasingejua fedha zilikwenda wapi, wangeanza kushukiana. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

NANI ATAWASAIDIA?

Nendeni kwanza kwa Afisa Utamaduni wa wilaya yenu. Yeye atawaeleza jinsi ya kuandikisha kikundi. Wanaofanya sanaa kwa malipo hujiandikisha kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Kijana anayetaka kusoma TaSUBa aulize masharti ya kuingia na ada kabla mzazi hajauza mbuzi.

Na shamba je? Lisiachwe. Msanii anayeanza hukosa kazi miezi mingine. Mwenye chakula nyumbani anaweza kuyakataa malipo mabaya. Mwenye njaa hukubali chochote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maneno "fedha zipo" hayatoshi?
2. Kati ya maswali nane ya mkataba, kijiji chenu kingeongeza lipi?
3. Kikundi kimelipwa shilingi 180,000. Nauli ni 40,000, matengenezo ni 20,000 na akiba ni 30,000. Wako vijana sita. Kila mmoja atapata shilingi ngapi?
4. Andikeni pamoja mkataba mfupi kati ya kikundi cha ngoma na mwenye arusi. Kisha mmoja awe mwenye arusi, na mwingine awe kiongozi wa kikundi. Usomeni kwa sauti mbele ya darasa.