Mlango na Mwendo wa Abiria

Huko Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, wasafiri huvuka mto kwa kivuko. Asimamaye ukingoni ataona kwamba chombo kikishafika, wanaongoja kupanda hawana budi kusubiri hadi wa mwisho ashuke. Muda huo huamuliwa na upana wa njia ya kutokea, hata injini iwe na nguvu namna gani.

Jambo hilo hilo huwashughulisha wabunifu wa tramu, yaani magari ya reli yapitayo mitaani, kama yale yaliyoanza kazi Addis Ababa mwaka 2015. Tuchukue mfano. Kituoni abiria 40 washuka na 40 wapanda, na kila mmoja ahitaji sekunde 2 kupita. Mlango mmoja upitishao mtu mmoja mmoja utachukua sekunde 160. Milango minne, kila mmoja ukipitisha watu wawili sambamba, itachukua sekunde 20 tu. Kwa vituo 20, tofauti yafikia sekunde 2,800, karibu dakika 47.

Lakini hesabu hii ina sharti: abiria wagawanyike sawasawa. Nusu yao wakisongamana kwenye mlango mmoja, sekunde 20 zitakuwa 40, kwa kuwa gari husubiri mlango uliochelewa kuliko yote. Kwa hiyo mahali pa mlango pana uzito kama idadi yake. Behewa la mita 24 likiwa na milango miwili kwenye ncha zake, aliye katikati atatembea mita 12. Milango hiyo ikiwekwa mita 6 kutoka kila ncha, hakuna atakayetembea zaidi ya mita 6, na kila mlango utapokea watu kutoka pande mbili.

Vidato navyo hula muda, hasa kwa mzee au mama aliyebeba mtoto. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yalijengewa vituo vilivyoinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi. (Mabasi yakiwa machache, bila shaka, hata mlango bora hausaidii.)

Mwalimu aweza kulijaribu somo hili darasani. Wanafunzi 20 wawe ndani na 20 nje. Mara ya kwanza wapishane mlangoni wapendavyo, bila kusukumana; mara ya pili wa nje wasubiri pembeni hadi wa ndani wamalize kutoka. Mmoja ashike saa, na muda wa kila mara uandikwe ubaoni.