Kijiko cha Maji, Kijiko cha Uji

Februari, saa nane mchana, katika nyumba ya makuti upande wa Msambweni. Mtoto ana siku kumi na jasho linamtoka shingoni. Nyanya yake ameshika kijiko. "Mwanangu, joto lote hili wewe mwenyewe unakunywa maji. Huyu ana kosa gani?" Mama mtoto anainama tu, kwani mkwe hajibiwi ovyo.

Swali la nyanya limetoka kwenye huruma, na linastahili jibu. Mtoto huyu anakunywa maji tayari. Katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, zaidi ya 85 ni maji. Kiu ya mtoto hukatwa na titi, hata kaskazi ikivuma na mabati yakichemka. Joto likizidi, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na anayehitaji maji, dafu au uji ni mama.

Kijiko kile kina madhara mawili. Tumbo la mtoto siku ya kuzaliwa hujaa kwa takriban kijiko kimoja cha chai, na hata baada ya wiki kadhaa bado ni dogo. Likijaa maji, maziwa hayana pa kuingia. Titi nalo hutengeneza kadiri linavyonyonywa, likiachwa hupunguza. Pili, maji ya kisima yanaweza kubeba vijidudu vya kuhara, na kuhara kwa mtoto mchanga hakungoji kesho.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya ya Kenya husema titi peke yake kwa miezi 6: hakuna maji, glukosi, maziwa ya ng'ombe wala uji. Dawa aliyoandika daktari na chanjo haviguswi na katazo hili. Asali ingoje mpaka mtoto atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mdogo mpaka akashindwa kupumua. Na kwa nyumba zinazotumia kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, anywe mama.

Kunyonyesha kuanze ndani ya saa ya kwanza baada ya kujifungua. Yale maziwa mazito ya manjano, dang'a, bado kuna wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani yameoza. Yasimwagwe hata tone, kwa sababu yamejaa kinga ambayo mtoto hawezi kuipata penginepo.

Chuchu zikiuma na kupasuka, mara nyingi tatizo ni namna mtoto alivyoshika. Kinywa kiwe wazi sana, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeuke nje, na sehemu kubwa ya weusi wa titi iwe kinywani, si chuchu pekee. Mama akihisi kuchomwa, atie kidole safi pembeni mwa mdomo wa mtoto, amtoe, aanze upya. Na yule anayelia kwamba maziwa hayatoshi aangalie nepi kabla ya kununua kopo la maziwa ya unga: mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake unapanda kwenye kijitabu cha mama na mtoto, anashiba. Uji wa pilipili manga umpe mama nguvu, sawa, lakini kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya, usiku na mchana.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi naye ananyonyesha, mradi anameza dawa zake bila kuruka siku, mtoto anapewa dawa za kumkinga, na tarehe za kupimwa hazipitwi.

Kazi ndiyo inayowavunja wengi. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili, kwa hivyo mhudumu wa hoteli ya Diani hurudi kazini mtoto akiwa katikati ya safari. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na kumpa mama muda wa kunyonyesha au kukamua. Dai hilo, dada. Ni haki yako. Wanaolima mwani Kibuyuni hawana mwajiri, saa yao ni maji kupwa. Kwao, na kwa wote, kukamua kunasaidia: nawa mikono, kamulia kwenye kikombe safi chenye kifuniko, weka kivulini. Nje ya friji yasizidi saa 4, na siku za joto kali yatumike mapema zaidi. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo. Chupa ni ngumu kusafisha.

Miezi 6 ikitimia, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto imepungua, na maziwa peke yake hayatoshi tena. Hapo ndipo maji huharibu mara ya pili, safari hii ndani ya uji. Chota kijiko ukiinamishe. Ukitiririka, umempa maji yenye rangi ya unga. Ukishikamana na kijiko na kuanguka kwa donge, hicho ni chakula.

Na chakula kipo, tena cha kwetu. Ponda kiazi kitamu au ndizi ya kupika kwa tui zito. Chukua tafi wa kuchemsha, pitisha nyama yake kati ya vidole chembe kwa chembe, kwa maana ana miiba mingi, kisha changanya. Kesho pojo au mbaazi za nazi zilizopondwa, keshokutwa yai lililoiva au ini. Ongeza mchicha, majani ya kunde au mronge uliokatwakatwa, na papai au embe. Ng'onda ana chumvi mno kwa mtoto. Na ile hamri iliyochovywa kwenye chai ya rangi naomba iachwe: chai huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Anza na vijiko 2 au 3 vya mezani, mara 2 kwa siku, ukiongeza taratibu hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4. Akitimiza mwaka, sahani yake ikaribie kikombe kizima, na kitu kidogo katikati ya milo. Titi liendelee hadi miaka 2 au zaidi. Kwa Waislamu, miaka miwili hiyo imetajwa katika Sura ya Al-Baqara.

Mtoto akikonda, Wamijikenda wengi husema ni chirwa, na Waswahili kwamba amebemendwa. Lawama humwangukia mama, kwamba ametoka nje ya ndoa, au ameshika mimba akinyonyesha. Nimeona uchungu wa jambo hili, na ninasema wazi: kinachomkondesha mtoto ni upungufu wa chakula na maradhi, na mimba haiozeshi maziwa. Wiki zinazopotea katika tuhuma ndizo zinazoua. Mhudumu wa afya ya jamii ana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa kuanzia miezi 6. Ukisoma manjano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, aonwe zahanati wiki hiyo. Ukisoma nyekundu, au miguu yake ikivimba na kubonyea ukiigusa, apelekwe siku ileile.