Fanksheni na Mantiki katika Lugha Moja

Swali: Je, lugha moja ya programu inaweza kuunganisha mtindo wa fanksheni na ule wa mantiki, na ugumu wa kuitekeleza uko wapi?

Jibu: Inaweza, na mfano ulio wazi ni Curry, lugha iliyobuniwa katika miaka ya 1990 na Michael Hanus pamoja na wenzake, ambayo sintaksia yake, yaani kanuni za uandishi wake, hufanana sana na ya Haskell, lugha ya fanksheni. Fanksheni hupokea thamani na kurudisha jibu, ilhali mantiki hueleza uhusiano na kuiachia kompyuta itafute thamani zinazoutimiza. Ugumu huanza pale fanksheni inapopewa kigeu, yaani jina ambalo bado halina thamani. Hapo Curry hukisia thamani ya kigeu kwa kadiri tu inayohitajika ili hesabu isonge mbele: ikiambiwa kwamba orodha x ikiunganishwa na [3] huzaa [1,2,3], hujaribu kwanza x tupu, hushindwa, kisha huirefusha hadi kupata [1,2]. Hivyo fanksheni iliyoandikwa kuunganisha hutenganisha pia, na huu ndio uzuri halisi wa muungano huu.

Katika utekelezaji, kompaila ya PAKCS huweza kuitafsiri Curry kuwa Prolog, lugha ya mantiki ambayo tayari inajua kurudi nyuma na kujaribu njia nyingine, ilhali KiCS2 huitafsiri kuwa Haskell, isiyo na uwezo huo, hivyo machaguo ya thamani hulazimika kuhifadhiwa kama data. Kosa la kuepukwa kuliko yote ni kuruhusu hoja moja, yaani thamani inayopewa fanksheni, ikitumika mara mbili ndani yake, ipewe machaguo mawili tofauti, kwa kuwa thamani iliyo 0 au 1 ikijumlishwa na yenyewe lazima izae 0 au 2, kamwe isizae 1.