Daktari Akisema Korodani Zitolewe

Ndugu mkulima, kazi ya kuhasi ndama waijua. Umemshika ndama, umeona koleo likibana mishipa, na baada ya miaka michache umemfunga nira maksai yule yule akalima shamba lako. Ndiyo sababu mwanamume mkulima akiambiwa na daktari kwamba yafaa korodani zake zitolewe, jambo la kwanza linalomjia moyoni ni maksai. Hunyamaza, huchukua kofia yake, hurudi nyumbani, na hospitali haimwoni tena mpaka mifupa inamzuia kulala. Habari hii twaiandika wazi kwa ajili ya mtu huyo, ingawa si maneno ya kusemwa mbele ya watoto.

Wanaume wengi wanaotolewa korodani zote mbili ni wazee wenye kansa ya tezi dume. Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kansa yake hupata nguvu kutokana na homoni ya kiume, na homoni hiyo karibu yote hutengenezwa na korodani. Mwaka 1941 Daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges, huko Chicago, Marekani, walionyesha kwamba homoni hiyo ikiondolewa, kansa ya tezi dume hunywea. Mwaka 1966 Huggins alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Korodani zikitolewa leo, kwa kawaida homoni huwa imeshuka chini kabisa kabla ya kesho jioni. Maumivu ya mifupa huweza kupungua katika siku chache. Lakini usidanganyike: kansa iliyokwisha kuenea mwilini haiponi kabisa kwa kisu hiki. Hulala, mara nyingi kwa miaka, kisha huweza kuamka. Siku hizi madaktari huongeza vidonge vya kuifanya ilale muda mrefu zaidi.

Wengine hutolewa korodani moja tu. Kijana akiona uvimbe mgumu katika korodani, hata kama hauumi, aende hospitali upesi, maana kansa ya korodani huwapata zaidi vijana, na wengi wao hupona ikitibiwa mapema. Yeye hukatwa kinenani, wala si kwenye mfuko. Kabla ya kukatwa, na aulize kama aweza kuhifadhiwa mbegu zake, kwa sababu dawa za kansa zinazofuata huenda zikaharibu uzazi. Tena kuna mvulana anayeamka usiku akilia kwa maumivu makali ya korodani upande mmoja, pengine akitapika. Mshipa umejisokota na damu haipiti. Huyo asingojeshwe mpaka ng'ombe wakamuliwe. Akipasuliwa kabla ya saa 6 kupita, mara nyingi korodani huokolewa. Akiletwa kesho yake, mara nyingi imekwisha kufa na hapana budi kuitoa. Mwenye korodani moja nzima hubaki na nguvu zake, na kwa kawaida huzaa kama wengine.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kabla ya kutia sahihi karatasi ya kukubali, muulize daktari habari za sindano. Iko dawa inayodungwa kila mwezi au kila miezi 3, nayo hulaza korodani bila kuzikata. Kwa kansa, kazi yake ni sawa na ya kisu, na mtu akiiacha, nguvu zake huweza kurudi polepole. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara yake ni kwamba fedha na safari haziishi. Mvua ikiharibu barabara, au dawa ikikosekana, homoni hupanda tena na kansa hupata chakula. Kisu ni mara moja tu, lakini kilichokatwa hakirudishwi. Kwa maoni yetu, mtu akaaye mbali na hospitali kubwa, ambaye fedha zake ni za maziwa na mahindi, asikikatae kisu kwa aibu tu. Hata hivyo mwili ni wako, na hakuna daktari awezaye kukulazimisha.

Siku ya upasuaji

Utaambiwa usile wala kunywa kwa saa kadhaa. Utatiwa ganzi, mara nyingi kwa sindano ya mgongoni inayofanya sehemu ya chini isisikie, au utalazwa usingizi. Daktari hupasua mfuko kidogo, hufunga mishipa ya damu, huzitoa korodani na kushona. Kazi yenyewe kwa kawaida haizidi saa moja. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mfuko wenyewe hubaki, ila huwa mtupu na hujikunja. Madaktari wengine huacha ganda la korodani ndani ili usionekane mtupu. Uliza mapema kama wapenda hivyo.

Mfuko utavimba na kuwa mweusi kama mtu aliyepigwa. Usishtuke. Vaa chupi ya kubana, lala chali siku mbili za kwanza, meza dawa za maumivu ulizopewa, na usilowanishe kidonda mpaka uambiwe. Halafu kuna jambo ambalo wakulima hulivunja kuliko yote: kwa wiki 2 hadi 4 usinyanyue kitu kizito. Mkebe wa maziwa, gunia la mahindi, pampu ya kunyunyizia dawa ya kupe, vyote hivyo mwachie mwanao au jirani. Baiskeli na pikipiki pia ziache. Panga mtu wa kupeleka maziwa kabla hujaenda hospitali, maana ukirudi na kukuta ng'ombe wanalia hutaweza kukaa kitandani.

Rudi hospitali upesi ukiona damu isiyokoma, mfuko unaozidi kuvimba, homa, usaha, mkojo kukataa kutoka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana.

Mambo yatakayobadilika

Maksai alihasiwa kabla ya kukomaa, ndiyo maana shingo yake haikunenepa kama ya fahali. Wewe umekwisha kukomaa. Sauti yako haitakuwa ya mwanamke. Ndevu zitaota, ingawa nywele za mwili zaweza kupungua. Mkojo haupiti katika korodani, basi utakojoa kama kawaida. Hati ya shamba nayo haiulizi habari za korodani.

Lakini yako mambo ya kweli, na si vizuri kuyaficha. Hutazaa tena. Hamu ya kulala na mke hupungua sana, na kwa wengi huisha. Uume nao husimama kwa shida au hausimami. Basi nenda kwa daktari pamoja na mke wako, asikie kwa masikio yake. Asipoambiwa, atadhani umepata mwingine, na nyumba itavunjika kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa maneno machache. Tena utapatwa na joto la ghafula usoni na kifuani, ujasho ukitoka hata usiku wa baridi. Ni joto lile lile wanalolijua wanawake waliokoma hedhi, na pengine mama watoto atakucheka kidogo. Likikusumbua sana, iko dawa. Utachoka upesi, tumbo litanenepa, nyama za mikono zitapungua, na matiti huenda yakavimba kidogo. Wengine huingiwa na huzuni nzito. Hiyo nayo ni ugonjwa, mwambie daktari.

Jambo lisiloonekana ni mifupa. Bila homoni hiyo mifupa huwa myepesi, na mzee akianguka zizini huvunjika nyonga. Kwa hiyo usiuze maziwa yote. Bakisha ya kunywa kila siku. Kula sukuma wiki na omena. Tembea kila siku, na kidonda kikipona shika jembe tena, kwa sababu kazi huimarisha mifupa na kupunguza unene. Acha sigara, punguza pombe, na upimwe sukari na presha. Ukisikia miguu inalegea au mgongo unauma kwa namna mpya, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana kansa huenda inabana uti wa mgongo, na ukichelewa hutatembea tena.

Kuhusu gharama, hakikisha mapema kwamba umeandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na uulize hospitali ni kiasi gani kitalipwa na ni kiasi gani utatoa mwenyewe.

Baada ya kupona kidonda, damu yako itapimwa kila baada ya miezi michache kwa kipimo kiitwacho PSA, ili daktari ajue kama kansa ingali imelala. Tarehe hiyo iandike pamoja na tarehe za kuogesha ng'ombe, na kila uendapo chukua karatasi zako zote za hospitali.