SOMO: MGUU WA BANDIA HAUAZIMWI

Katika kutembelea nyumba nilimkuta mama mmoja amevaa mguu wa bandia wa marehemu kaka yake. Kigutu chake kilikuwa na kidonda.

Mguu huo hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja tu. Fundi hufunga kigutu kwa bendeji ya plasta. Ikikauka huivua, humimina plasta ndani yake na kupata umbo la kigutu. Kisha bamba la plastiki hulainishwa kwenye oveni, kwa joto la nyuzi 180 hivi, na kufunikwa juu ya umbo hilo. Pampu hunyonya hewa iliyo katikati, na plastiki hushika kila bonde na kila mwinuko. Hicho ndicho kikombe cha kigutu.

Siku hizi kompyuta pia inaweza kupima kigutu, na printa ikajenga kikombe tabaka kwa tabaka. Hospitali ya CoRSU, Uganda, imewahi kuijaribu njia hiyo. Hata hivyo, mgonjwa lazima akijaribishe.

Mambo ya kuzingatia:
1. Usiazime wala usirithi mguu.
2. Kagua ngozi kila jioni. Ukiona wekundu usioisha, malengelenge au kidonda, vua mguu na uje kituo cha afya.
3. Osha kikombe na soksi kwa sabuni, vikauke vizuri.
4. Mtoto hukua, mlete apimwe upya.

Mwone mhudumu wa afya wa bloku yako akuandikishe kwa ajili ya rufaa.