Pima Usingizi wa Mzee Wako

Mzee akilalamika kwamba hakufumba macho usiku kucha, wengi humwambia ni uzee tu, na jibu hilo huwaacha wazee wakiteseka bure. Ni kweli umri ukisonga usingizi huwa mwepesi. Hata hivyo, mtu wa miaka 65 na zaidi bado anahitaji saa 7 hadi 8. Akipungukiwa kwa wiki nyingi kuna sababu, na sababu nyingi hutibika. Ili ijulikane, anza kwa kupima.

Andika kwa wiki mbili

Tenga daftari. Kila asubuhi, mzee akishakunywa chai, muulize:

- Alipanda kitandani saa ngapi, na alitoka saa ngapi?
- Anakadiria alilala saa ngapi kwa jumla?
- Aliamka mara ngapi, na kwa nini: mkojo, maumivu, kikohozi, mawazo?
- Jana mchana alisinzia kwa muda gani?
- Alimeza dawa gani, saa ngapi? Chai au kahawa ya mwisho aliinywa lini?

Makadirio yanatosha, kwa kuwa kuitazama saa usiku hufukuza usingizi. Akiamka kwa ajili ya sala ya alfajiri, andika hivyo, kwa kuwa ameamka kwa kupenda.

Kama anaishi katika makao ya wazee, waombe wahudumu wasaidie kuandika, lakini yeye mwenyewe aulizwe. Anayepita na tochi akaona macho yamefumbwa ataandika "amelala", kumbe mzee yu macho.

Piga hesabu

Gawanya saa alizolala kwa saa alizokaa kitandani, kisha zidisha kwa 100.

Mfano: Bibi alipanda kitandani saa 2 usiku, akatoka saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 10. Alilala saa 6.
6 ÷ 10 × 100 = asilimia 60.

Kiwango kizuri ni asilimia 85 au zaidi. Huenda bibi huyu analazwa mapema mno. Akizungumza na wajukuu hadi saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, saa zake 6 zitakuwa ndani ya saa 7, yaani karibu asilimia 86. Sogeza muda wa kulala polepole, dakika 15 kila baada ya siku chache.

Kliniki nazo zina madodoso yao ya kupima usingizi. Dodoso liitwalo la Pittsburgh, la mwaka 1989, huuliza kuhusu mwezi uliopita na hutoa alama 0 hadi 21. Zaidi ya 5 ni dalili ya usingizi mbaya.

Daftari linaweza kuonyesha nini?

- Mkojo kila mara: huenda ni kisukari, tezi dume, au dawa ya kupunguza maji mwilini inayomezwa jioni. Muulize daktari kabla ya kubadili saa ya dawa.
- Kukoroma sana, pumzi kusita, kusinzia mchana: huenda njia ya hewa inaziba usingizini.
- Miguu kukosa utulivu usiku: huenda ana upungufu wa madini ya chuma.
- Kuamka mapema mno, huzuni, kukosa hamu ya chakula: huenda ni sonona.

Usimnunulie dawa ya usingizi

Piriton na Valium huonekana msaada wa haraka. Kwa mzee, huweza kuchanganya akili na kumfanya ayumbe anapokwenda chooni usiku, akaanguka na kuvunjika nyonga. Kama ameitumia Valium kwa muda mrefu, asiache ghafla. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.

Nenda kituo cha afya

Mpeleke ikiwa anakosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki na mchana anachoka, hasa hali hiyo ikifikia miezi 3. Usisubiri kama pumzi yake husita usingizini. Mpeleke siku hiyohiyo akichanganyikiwa ghafla, akikosa pumzi akilala chali, au akisema heri afe.

Beba daftari na dawa zote anazotumia, za mitishamba pia. Daktari aliye na kumbukumbu za usiku 14 mkononi atajua pa kuanzia, na mzee atapata tiba inayolingana na shida yake.